Sauti za juu za tromboni: kwa nini F4 huwa ukuta, na namna ya kuuvuka

Mpiga tromboni aliyejifunza mwaka mmoja au miwili kwa kawaida hufika F4 bila taabu kubwa, kisha hukwama. Hukaza mashavu, hugandamiza chombo mdomoni, mishipa ya shingo inamsimama, na B♭4 aliyokuwa akiitafuta inatoka nyembamba kama mlio wa mbu, au haitoki kabisa. Mwalimu anamwambia, "Puliza zaidi." Anapuliza zaidi, na mambo yanazidi kuharibika.

Ushauri huo si uongo mtupu, ila umefunga mambo manne katika furushi moja: upenyo wa midomo, msukumo wa hewa, mkao wa ulimi, na tabia ya bomba lenyewe. Hilo la mwisho ndilo watu husahau, na ndilo linaloeleza kwa nini ukuta uko pale ulipo.

Kwanza tukubaliane majina. C4 hapa ni C ya katikati ya kinanda, na noti zote tunazitaja kwa sauti halisi inayosikika. Kwenye bendi ya Jeshi la Wokovu, au bendi yoyote ya shaba ya mtindo wa Kiingereza, tromboni ya tenori huandikiwa ufunguo wa trebo: unachokisoma C kinatoka B♭, oktava moja na sauti nzima chini yake. Kwa hiyo F4 yetu wewe unaiona kama G iliyokaa juu ya mstari wa juu kabisa, na B♭4 ni ile C yenye mistari miwili ya nyongeza. Bendi za Kilutheri zilizofuata mila ya Kijerumani husoma sauti halisi kwa ufunguo wa besi, ambako B♭4 inakaa kwenye mstari wa nyongeza wa 4. Watu wawili wanaweza kubishana jioni nzima kuhusu "C ya juu" huku kila mmoja akizungumzia noti yake.

Ngazi yenye vipandio visivyolingana

Slaidi (bomba linalosukumwa nje na kuvutwa ndani kwa mkono) ikiwa imefungwa, bomba la tromboni ya tenori lina urefu wa karibu mita 2.7. Bomba hilo halikubali kila sauti. Linakubali sauti chache zilizopangwa kama vipandio vya ngazi, na midomo yako ndiyo inayochagua kipandio. Slaidi ina nafasi saba: ya 1 ni slaidi iliyofungwa, na kila inayofuata iko nje zaidi na hushusha sauti nusutoni moja, yaani nusu ya sauti nzima. Katika nafasi ya 1 vipandio ni hivi, kuanzia chini: B♭1, B♭2, F3, B♭3, D4, F4, A♭4, B♭4, C5, D5. Tuvihesabu 1 hadi 10.

Angalia umbali kati yao. Kutoka kipandio cha 1 hadi cha 2 ni oktava nzima. Kutoka cha 2 hadi cha 3 ni hatua ya tano. Ukifika cha 8, kipandio kinachofuata kiko sauti moja tu juu. Huko chini midomo inaweza kukosea sana na bado bomba likakuvuta hadi kwenye noti yako, kwa kuwa hakuna jirani wa karibu. Huko juu ukikosea kidogo tu jirani anakupokea, nawe unapata noti nyingine.

Ukuta wa F4 uko hapohapo. F4 ni kipandio cha 6. Cha 7 kiko chini mno ya sauti inayotakiwa, karibu theluthi moja ya nusutoni, hivyo katika nafasi ya 1 hakitumiki. Mtu anayetoka F4 kwenda B♭4 anaruka kipandio kibovu ili atue kwenye kingine chenye jirani upande wa juu na wa chini. Hili ni suala la shabaha kabla halijawa suala la nguvu.

Midomo, hewa, ulimi

Kwa B♭2 midomo yako hufunguka na kufunga kama mara 116 kwa sekunde. Kwa F4 ni mara 349, kwa B♭4 ni mara 466. Kitu hutetemeka haraka zaidi kikiwa kidogo na kikiwa kimekazwa, kwa hiyo kadiri unavyopanda, eneo la mdomo linalotetemeka lazima lipungue na upenyo wa kati uwe mdogo. Kazi hiyo hufanywa na pembe za midomo, kwa kujikaza kuelekea ndani, kama mtu anayetaka kutamka "m" kwa msisitizo. Kosa linaloonekana zaidi ni kinyume chake, yaani kutabasamu. Pembe zikivutwa kwenda masikioni mdomo unatandazwa, unakuwa mwembamba, unapoteza ule unene unaoulinda dhidi ya chuma cha kipulizio kinachoukalia. Noti inaweza kupanda kidogo, lakini sauti inakauka na dakika kumi baadaye midomo imekwisha. Simama mbele ya kioo ucheze F3, B♭3, D4, F4: pembe zikihama hata kidogo kwenda pembeni, anzia hapo kurekebisha.

Kuhusu hewa, chukua mpira wa kumwagilia bustani. Ukiuziba nusu kwa kidole gumba maji yanaruka mbali, lakini ndoo inajaa polepole. Arnold Jacobs, mpiga tuba wa okestra ya Chicago Symphony Orchestra, Marekani, kuanzia 1944 hadi 1988, aliyekuwa akitumia vifaa vya kupimia pumzi katika ufundishaji wake, alilisisitiza jambo hilihili: noti ya juu inataka shinikizo kubwa la hewa na kiasi kidogo cha hewa, noti ya chini inataka kiasi kikubwa kwa shinikizo dogo. "Puliza zaidi" humfanya mwanafunzi aongeze kiasi. Hewa nyingi inaitanua midomo, upenyo unakua, noti inaanguka, naye anajaribu kuuziba upenyo kwa kugandamiza chuma.

Tokeo lingine la jambo hilo halitajwi sana. Kwa kuwa kifungu cha juu hutumia hewa kidogo, mwisho wake mapafu bado yamejaa, ila hewa iliyomo imechoka. Ukivuta nyingine juu yake kifua kinajaa kupita kiasi na koo linakaza. Toa kwanza, ndipo uvute.

Ulimi nao una kazi, nayo inaonekana. Katika picha za MRI (mashine ya hospitali inayoonyesha ndani ya mwili) zilizopigwa Göttingen, Ujerumani, wapiga honi (ile pembe ya okestra) wakiwa wanapuliza, akiwemo Sarah Willis wa okestra ya Berliner Philharmoniker, ulimi unaonekana ukipanda kuelekea kaakaa kadiri noti zinavyopanda. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa hili kwa maneno magumu, maana irabu zetu zimepangwa hivyo tayari. Nong'ona "taa, tee, tii" na usikilize ulimi ukipanda. Noti za chini ni "too", za katikati "taa", F4 iko kwenye "tee", B♭4 iko kwenye "tii". Tahadhari ni moja: "ii" ikizidi ulimi unaziba njia na sauti inabanwa kama mtu anayeimba amekabwa. Inatakiwa "i" ya mnong'ono, ncha ya ulimi ikilegea nyuma ya meno ya chini mara tu baada ya "t".

Panda kuanzia nafasi ya 7

Wengi hufanya zoezi la kuteleza midomo (kubadili kipandio bila ulimi) wakianzia nafasi ya 1. Ni kuanzia mahali pagumu kuliko pote, kwa sababu hapo ndipo kila kipandio kiko juu zaidi. Ukisukuma slaidi hadi nafasi ya 7, ngazi nzima inashuka, na kipandio cha 8 kinakuwa E4, nusutoni moja chini ya F4 ambayo tayari unaimudu. Unaweza kujifunza kuruka kutoka cha 6 hadi cha 8 bila kuugusa ukuta.

Vipandio vya 4, 5, 6 na 8 ni do, mi, so, do ya juu. Aliyelelewa kwenye kwaya tayari anavyo masikioni, na sikio ndilo linaloielekeza midomo. Katika nafasi ya 7 noti ni E3, G♯3, B3, E4, kisha unarudi B3, G♯3, E3. Weka metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika, kila noti mapigo mawili, pumzi moja, ulimi uguse noti ya kwanza tu. Sauti iwe ndogo, kama unayempigia mtu aliye chumba hichohicho. Udogo wa sauti una sababu: ukipiga kwa nguvu midomo hujitanua, ukipiga taratibu hulazimika kubaki karibu, na huo ukaribu ndio unaoutafuta. Kabla ya kupiga, imba zoezi lote. Mwanaume aliye na sauti nzito aimbe oktava moja chini, haina neno.

Sasa sikiliza unapotua, kwa maana pale ulipotua panakueleza kosa. Ukisikia do, mi, so, halafu ti iliyoshushwa yenye uchungu kidogo, umenasa kwenye kipandio cha 7: ulimi ulichelewa, au pembe zililegea. Usiongeze hewa, peleka ulimi kwenye "ii" nukta moja kabla ya kuruka. Ukisikia re ya juu badala ya do, umepitiliza hadi cha 9, na hiyo ni habari njema kwa namna yake: nguvu unayo, umebana kupita kiasi. Rudia ukiwa na pembe zilezile lakini upunguze msukumo. Noti ikikatika kabisa njiani, hewa ilisimama. Watu wengi hushika pumzi kidogo kabla ya kuruka, kama mtu anayeruka mtaro, na midomo isiyopitiwa na hewa haitetemeki.

Ukiipata safi mara 3 mfululizo, sogea nafasi ya 6, ambapo do ya juu ni F4. Kisha ya 5 (G♭4), ya 4 (G4), ya 3 (A♭4), ya 2 (A4), na mwisho ya 1 (B♭4). Usivuke nafasi ambayo haijakubali mara 3, hata ikikuchukua wiki mbili. Kwa maoni yetu, nusutoni moja imara kila mwezi ni mwendo mzuri. Anayedai kaongeza oktava kwa wiki mbili, mwombe aipige taratibu. Mtoto ambaye mkono haufiki nafasi ya 7 aanzie ya 5, akiteremka hadi ya 6 baadaye. Hapotezi kitu.

Zoezi la pili linafuata la kwanza. Ukishaimudu G4 katika nafasi ya 4, ishikilie, kisha ivute slaidi ndani polepole sana bila kukata hewa: A♭4, A4, B♭4. Hujabadili kipandio, bado uko kwenye cha 8, bomba tu ndilo limefupika. Wengi wanashangaa kuipata B♭4 kwa njia hiyo wiki kadhaa kabla ya kuweza kuiruka. Ikikatika kwenye A4, rudi G4 upumzike. Usiisake kwa mkono wa kushoto, yaani kwa kukigandamiza chombo mdomoni.

La tatu ni fupi: anzisha noti kwa pumzi peke yake, "huu", bila ulimi, kuanzia D4 kwenda juu. Noti ya juu inayopasuka mwanzoni mara nyingi imeanzishwa na ulimi kabla midomo haijakaribiana. Ikiitika kwa "huu", upenyo umekaa sawa, na ulimi unaweza kurudishwa.

Yote haya yachukue dakika 15 hadi 20 kwa siku, baada ya kupasha midomo kwa noti ndefu za katikati. Emory Remington, aliyefundisha tromboni Eastman School of Music, Rochester, Marekani, kuanzia 1922 hadi 1971, aliwaanzisha wanafunzi wake kwa noti tulivu za katikati zikishuka nusutoni kwa nusutoni, B♭3 kwenda A3 na kurudi, B♭3 kwenda A♭3 na kurudi, hadi nafasi ya 7. Mpangilio huo haujazeeka. Pumzika muda uleule uliopiga: dakika moja ya kazi, dakika moja chombo magotini. Misuli ya midomo ni midogo, na ikichoka kinachofundishwa ni mbinu za kuhangaika.

Mkono wa kushoto

Kugandamiza kunafanya kazi, ndiyo maana hakuachwi. Chuma kikisukumwa dhidi ya mdomo kinapunguza eneo linalotetemeka na noti inapanda. Gharama ni kwamba damu haipiti vizuri, mdomo unakufa ganzi, na noti ya tano haitoki. Usitegemee kushauriwa "usigandamize". Kiasi fulani lazima kiwepo ili hewa isivuje pembeni. Kipime hivi: shika F4 kwa sauti ndogo, kisha legeza mkono wa kushoto kidogokidogo hadi usikie hewa inavuja kwenye ukingo wa kipulizio (kile kikombe cha chuma kinachokaa mdomoni). Rudisha kidogo tu, hadi uvujaji ukome. Hicho ndicho kiasi chako. Rudia kwenye G4 na A4 na ulinganishe. Alama nyekundu inayopotea baada ya dakika chache ni ya kawaida. Mfereji unaobaki mdomoni nusu saa nzima, au maumivu ya fizi, ni dalili ya kuacha kwa siku hiyo.

Sauti mbili zikitoka kwa pamoja, kama mkwaruzo, midomo ya juu na ya chini haitetemeki pamoja. Mara nyingi ni uchovu. Ikitokea hata asubuhi, tazama kipulizio kimekaa wapi: wapiga tromboni wengi huweka sehemu kubwa zaidi kwenye mdomo wa juu, wengine nusu kwa nusu. Anayeweka sehemu kubwa chini anaweza kuwa sawa pia, kwa hiyo usimhamishe mtu anayepiga vizuri kwa sababu tu kioo hakikupendezi.

Nafasi za juu haziko pale unapozidhani

Ukishapanda, slaidi inahitaji hesabu mpya. Vipandio vya 5 na 10 viko chini kwa takriban senti 14 (senti 100 ni nusutoni moja), na cha 7 kiko chini kwa senti 31. Kwa hiyo G4 inayopigwa nafasi ya 2 ni kipandio cha 7, na inabidi slaidi ivutwe ndani karibu sentimita 2.5 kuliko nafasi ya 2 ya kawaida. Ukilinganisha na umbali kati ya nafasi ya 1 na ya 2, ambao ni sentimita 8 hivi, si jambo la kupuuza. G4 hiyohiyo ipo pia nafasi ya 4 kwenye kipandio cha 8, ambako haidai marekebisho makubwa. Anayejifunza apige ya 4 kwanza. Ya 2 iliyovutwa ni nzuri pale noti jirani ni F4 au A4 na mkono hauna muda.

B4 ni nafasi ya 2 kwenye kipandio cha 9. C5 ni ya 1, kipandio hichohicho. D♭5 ni nafasi ya 2 iliyovutwa kama sentimita 1.2, kipandio cha 10. Hiyo ndiyo noti ya kilele katika solo ya tromboni ya Boléro ya Ravel (1928), inayoanza moja kwa moja kwenye B♭4 bila kumpa mpigaji noti ya kujipasha. D5 iko nafasi ya 1 lakini inalala chini, na slaidi iliyofungwa haina mahali pa kuvutiwa. Ndiyo sababu ya kutyuni chombo kwa namna ambayo nafasi yako ya 1 inakaa sentimita moja hivi nje ya kizuizi: D4 na D5 zinapata nafasi ya kupandishwa. Njia nyingine ni D5 ya nafasi ya 4, kipandio cha 12.

Zipo sehemu ambazo hazikuandikiwa tenori kabisa. Tromboni ya kwanza katika Simfoni ya 5 ya Beethoven, iliyopigwa Vienna mwaka 1808, inafika F5, na ile ya Simfoni ya 3 ya Schumann ya 1850 inafika E♭5. Zote ziliandikwa kwa tromboni ya alto, ambayo kwa kawaida ni ya E♭ na bomba lake ni fupi. Ukipewa karatasi hiyo na tenori yako ukahangaika, tatizo si mdomo wako peke yake.

Chombo chenyewe

Kabla ya kumlaumu mtu, jaribu uvujaji. Tenganisha slaidi na sehemu ya kengele (ile yenye mdomo mpana wa kutolea sauti), slaidi ikiwa imefungwa. Ziba tundu la upande mmoja kwa kidole gumba na upulize kwenye lile la kipulizio. Hewa ikitoka kirahisi, tazama kwanza kizibo cha kitufe cha kutolea maji, kwani hukauka na kupasuka. Uvujaji mdogo hauonekani kwenye F3 lakini unaiua B♭4. Uchafu kwenye mwanzo wa bomba, pale kipulizio kinapoingia, nao huleta noti ngumu. Osha kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, kwa sababu ya moto hubabua rangi.

Kipulizio kidogo chenye kina kifupi huipa sauti ya juu makali na husaidia kidogo kuivumilia. Hakimpi mtu noti ambayo hana. Vingi vya tenori vina kipenyo cha ndani cha kati ya milimita 24 na 26, na mwanafunzi anayehama kutoka kimoja hadi kingine kila mwezi hubaki akianza upya. Angalia pia shina, yaani mkia wa kipulizio unaoingia kwenye bomba: kipulizio cha shina dogo kikitumbukia ndani sana kwenye chombo cha shina kubwa, tyuni yote ya juu inavurugika.

Kwa wanaopiga kwenye bendi za harusi, juu ya gari, saa tatu mfululizo na kwa nguvu zote, kuna adui mwingine. Gari likiruka tuta kipulizio kinagonga meno. Kwenye barabara mbovu piga vifungu vya chini, kishikilie chombo kwa wepesi, acha tarumbeta zibebe wimbo. Gawaneni beti. Siku ya shughuli usijaribu B♭4 asubuhi "kuona kama ipo". Pasha midomo kwa dakika 10 katikati ya ngazi, gusa F4 mara mbili kwa sauti ndogo, weka chombo chini. Jioni ukimaliza, shuka hadi B♭2 na B♭1 kwa noti ndefu zilizolegea kwa dakika 3, midomo ikivuma kama ya farasi, na kesho yake usipande zaidi ya D4.